Mwandishi kama Mchapishaji: Steve Ditko na Katuni za Uhalifu za Uzeeni

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi pendwa umezoea kulitazama suala la uchapishaji kama jambo lililo nje ya matini. Mhakiki huchunguza maudhui na fani, kisha hutaja kwa ufupi kazi ilichapishwa na nani na lini. Mazoea haya huwa na athari kubwa zaidi inapochunguzwa kazi ya mtunzi aliyejichapishia, maana kwake uamuzi wa kutunga na uamuzi wa kuchapisha hutoka katika mkono mmoja. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili kuuona uzito wa jambo hili. Ben Mtobwa, aliyemuumba mpelelezi Joram Kiango, ndiye pia aliyeiongoza kampuni ya uchapishaji ya Heko jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, swali la jinsi umiliki wa aina hiyo unavyoliathiri umbo la hadithi yenyewe ya uhalifu bado linahitaji kuchunguzwa kwa kina.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia mfano ulio mbali na pwani yetu, lakini ulio bayana kuliko mingi: mchoraji na mwandishi wa katuni wa Marekani, Steve Ditko (1927–2018). Neno katuni linatumika hapa kwa maana ya hadithi inayosimuliwa kwa mfululizo wa visanduku vya picha vilivyoambatana na maneno. Ditko anafahamika duniani kama mmoja wa waumbaji wawili wa Spider-Man, aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Kinachoshughulikiwa hapa ni kazi zake ambazo wapenzi wengi wa mhusika huyo hawajapata kuziona: katuni za uhalifu alizoziandika, kuzichora na kuzichapisha kwa ushirikiano na Robin Snyder, kuanzia alipokuwa na umri wa miaka 60 hadi alipofariki akiwa na miaka 90.

Maoni yaliyoenea kuhusu kazi hizo ni kwamba ni dalili za kudhoofika. Husemwa kwamba msanii aliyekuwa bingwa wa kusimulia aligeuka mhubiri, na kwamba uzee, upweke na kukosa mhariri viliikausha kalamu yake. Makala haya yanadai kuwa maelezo hayo yanachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, yaani uzee na umiliki. Mabadiliko yanayolaumiwa yalianza mwaka 1967, Ditko akiwa bado hajatimiza miaka 40, mara tu alipopata ukurasa usiokuwa na mwajiri. Uzee uliyapa mabadiliko hayo nafasi ya kukua. Kilichoyaleta ni umiliki. Na hasara zilizotokea, ambazo ni za kweli, hazina budi kuhesabiwa kwenye upande huo huo.

Katuni ya Uhalifu na Kanuni ya Mwaka 1954

Katuni ya uhalifu ilipata nguvu Marekani kupitia jarida la Crime Does Not Pay, lililoanza kutolewa na mchapishaji Lev Gleason mwaka 1942 chini ya uhariri wa Charles Biro na Bob Wood. Jarida hilo lilizaa waigaji wengi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Anwani yake ilitangaza kwamba uhalifu haulipi, lakini kurasa zake zilimpa mhalifu nafasi kubwa kuliko askari. Msomaji alimfuata jambazi katika kupanda kwake, akashiriki ujasiri na anasa zake, na adhabu ikaja katika visanduku vya mwisho. Mvuto wa utanzu huu ulitokana na mgongano huo: maadili yalitamkwa na anwani, starehe ikatolewa na hadithi.

Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu Seduction of the Innocent, akizituhumu katuni kwa kuchangia uhalifu wa vijana. Mwaka huo huo kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilisikiliza ushahidi juu ya suala hilo. Wachapishaji, wakihofia kutungiwa sheria, walijiwekea kanuni yao wenyewe, Comics Code, iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1954. Kanuni hiyo ilikataza kumsawiri mhalifu kwa namna ya kumfanya aonewe huruma. Ilitaka wema ushinde uovu katika kila hali. Ilidhibiti hata ukubwa wa herufi, kwa kuagiza kwamba neno uhalifu lisijitokeze kwenye jalada kwa herufi zinazozidi sana za maneno mengine ya anwani, wala lisisimame peke yake. Muhimu zaidi kwa mjadala huu, ilikataza polisi, mahakimu na maofisa wa serikali wasisawiriwe kwa namna ya kuwavunjia heshima wenye mamlaka. Jarida lililokosa muhuri wa kanuni lilipata shida kubwa ya kufikishwa kwenye vibanda vya magazeti. Crime Does Not Pay lenyewe lilikoma mwaka 1955.

Ditko alianza kuchapishwa mwaka 1953, mwaka mmoja tu kabla ya kanuni hiyo. Kwa hiyo karibu maisha yake yote ya kazi katika makampuni makubwa yalipita chini ya kivuli chake. Asiyezingatia kivuli hicho hawezi kuelewa kwa nini ilimbidi atafute njia nyingine ya kuwafikia wasomaji.

Miaka ya Kuajiriwa

Ditko alizaliwa tarehe 2 Novemba 1927 katika mji wa Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Baada ya kutumikia jeshi katika Ujerumani ya baada ya vita, alisomea uchoraji wa katuni jijini New York chini ya Jerry Robinson, mmoja wa wachoraji wa awali wa Batman. Kwa miaka mingi aliichorea kampuni ya Charlton ya Derby, Connecticut, iliyojulikana kwa malipo duni na pia kwa kutowaingilia sana wachoraji. Mchanganyiko huo wa ujira mdogo na uhuru mkubwa ulimfaa, na alirudi Charlton mara kadhaa hata alipokuwa na uwezo wa kulipwa vizuri zaidi kwingineko. Kuna hapa ishara ya mapema ya kile alichokithamini.

Umaarufu ulikuja Marvel, pamoja na mwandishi na mhariri Stan Lee. Inafaa kukumbuka kwamba kisa cha kwanza cha Spider-Man, cha mwaka 1962, ni kisa cha uhalifu kabla ya kuwa kisa cha shujaa. Peter Parker anamwacha mwizi apite ilhali alikuwa na uwezo wa kumzuia. Mwizi huyo huyo anamuua mjomba aliyemlea. Shujaa na hatia vinazaliwa kwa pamoja. Mhusika anakuwa duara kwa sababu anabeba ndani yake tendo alilopaswa kulifanya na hakulifanya. Kila hadithi inayofuata ni jaribio la kulipa deni lisilolipika.

Ditko aliondoka Marvel mwaka 1966, baada ya toleo la 38 la The Amazing Spider-Man. Tangu mwaka 1965 alikuwa akitambuliwa katika kurasa za jarida hilo kama mwenye kubuni msuko wa vitushi, lakini mhusika alibaki mali ya kampuni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Aliyemchora Spider-Man kwa miaka minne hakuwa na haki ya kuamua Spider-Man awe nani katika mwaka wa tano. Sababu za kuondoka kwake zilibuniwa na wengine kwa miongo mingi, yeye akiwa amekataa mahojiano. Maelezo yake mwenyewe kuhusu uamuzi huo yalitokea mwaka 2015, karibu miaka 50 baadaye, katika kijarida kidogo alichokitoa na Snyder. Humo alieleza kwamba Lee alikuwa amekoma kuwasiliana naye juu ya kazi. Ni vyema kuzingatia mahali pa ushahidi huo. Chombo alichokitumia kuchapisha hadithi zake ndicho alichokitumia pia kuiandika historia yake.

Mr. A na Ukurasa Usio na Mwajiri

Mwaka 1966 mchoraji Wally Wood alianzisha witzend, jarida lililosambazwa nje ya vibanda vya kawaida na nje ya Comics Code, ambamo kila msanii alibaki na haki ya kumiliki kazi yake. Katika toleo la tatu, mwaka 1967, Ditko alimtoa Mr. A.

Mr. A ni Rex Graine, mwandishi wa magazeti, ambaye anapokabiliana na wahalifu huvaa suti nyeupe, kofia, glavu za chuma na kinyago cha chuma kisichoonyesha hisia. Hana nguvu za ajabu. Alama yake ni kadi iliyogawanyika katikati, nusu nyeupe na nusu nyeusi, bila rangi ya kijivu kati yake. Jina lake linatokana na kanuni ya mantiki inayonasibishwa na Aristotle, kwamba kitu ni kile kilicho, ambayo mwandishi Ayn Rand aliifanya kuwa nguzo ya falsafa yake na anwani ya sehemu ya tatu ya riwaya yake Atlas Shrugged (1957). Kwa Ditko maana yake ilikuwa moja: tendo ni jema au ni ovu, na mtu huwa kile anachokichagua.

Katika kisa cha kwanza, kijana mhalifu aitwaye Angel anamjeruhi Miss Kinder, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akimtetea na kumwonea huruma. Mr. A anampeleka mjeruhiwa kwenye usalama na kumwacha Angel, aliyekuwa akining'inia juu, aanguke na kufa. Hakuna majuto baada ya hapo. Kisa hicho kikilinganishwa na kile cha mwaka 1962, tofauti inakuwa bayana. Spider-Man alimwacha mwizi aende, akalia maisha yake yote. Mr. A anamwacha mhalifu afe na halii, kwa sababu anaamini kuwa kifo hicho kilichaguliwa na Angel mwenyewe alipochagua uhalifu.

Mwaka huo huo Ditko alimtoa Charlton mhusika mwingine, The Question, anayefanana na Mr. A kwa sura na mawazo, lakini chini ya kanuni. Ulinganisho wa wawili hawa ni kama jaribio la maabara: mtunzi mmoja, mwaka mmoja, itikadi moja, wachapishaji wawili. The Question ana msuko uliokamilika zaidi na mahali panapotambulika, Mr. A ana visa vifupi ambamo wahusika husimama na kutoa hoja. Kwa hiyo mtindo unaosemekana kuwa wa uzeeni tayari upo mwaka 1967, katika ule upande tu ambao Ditko aliumiliki. Mwaka 1973 alikwenda mbali zaidi katika Avenging World, ambamo dunia yenyewe, iliyochorwa kama tufe lililojeruhiwa, inageuzwa mhusika, na simulizi inakaribia kuwa insha ya picha.

Kuna kejeli ya kihistoria hapa isiyostahili kupitwa. Ukisomwa ujumbe wake peke yake, Mr. A anaitii Comics Code kuliko jarida lolote lililopata muhuri wake. Uovu hauonewi huruma, na haukosi adhabu. Kilichomfanya asiweze kupita ni kwamba aliudai uadilifu huo kwa kila mtu, wakiwemo waheshimiwa. Katika ulimwengu wake, kiongozi anayepokea hongo, mhariri anayeficha ukweli na raia anayenyamaza wamo katika shitaka moja na muuaji. Kanuni ilitaka wema ushinde bila wenye mamlaka kuguswa. Ditko aliitaka sehemu ya kwanza bila ya pili, na hakukuwa na kibanda cha magazeti kilichokuwa tayari kuuza biashara hiyo.

Njia Mbili za Kujitegemea

Ditko hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1968 Gil Kane, mzaliwa wa Riga aliyekuwa na miaka 42 na sifa kubwa katika makampuni, alijichapishia His Name Is... Savage, hadithi ya uhalifu na ujasusi aliyoitoa kwa umbo la gazeti kubwa lisilolazimika kuwa na muhuri. Kane alilenga vibanda vile vile vya magazeti vilivyotawaliwa na makampuni makubwa. Alipata matatizo ya uchapaji na usambazaji, na toleo la pili halikutoka. Fundisho lake ni la kiuchumi: aliyeacha mwajiri lakini akabaki kumtegemea msambazaji alikuwa amebadilisha bwana tu.

Njia ya Ditko ilikuwa ya polepole na ya chini zaidi. Katika miaka ya 1970 visa vya Mr. A vilitoka katika majarida madogo ya wapenzi wa katuni. Katika miaka ya 1980 kulienea maduka maalumu ya katuni, na wachapishaji wadogo wakapata uhai kwa muda. Hatima ya Static, mojawapo ya kazi zake za kipindi hicho, inaonyesha jinsi uhai huo ulivyokuwa dhaifu. Ilianza katika Eclipse Monthly mwaka 1983, ikahamia Charlton mwaka 1985, kisha Renegade Press mwaka 1986. Hadithi moja ilipita kwa wachapishaji watatu katika miaka mitatu. Mwaka 1988 ilikusanywa na kutolewa na Robin Snyder, na huo ukawa mwanzo wa ushirikiano wa miaka 30.

Snyder aliishi Bellingham, katika jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi. Ditko alifanya kazi katika chumba chake Manhattan. Ushirikiano wao uliendeshwa kwa posta. Mmoja aliandika na kuchora. Mwingine alishughulikia matbaa, matangazo na wanunuzi. Majina yao mawili yalikaa pamoja kama wachapishaji, na haki za kazi zilibaki kwa mtunzi. Mwaka 1990 ilitoka kwa njia hiyo The Mocker, ambayo pengine ndiyo kazi ya Ditko iliyo karibu zaidi na katuni ya uhalifu ya kale, yenye genge, visasi na askari. Yalifuata makusanyo makubwa, kama vile Avenging World ya mwaka 2002 yenye kurasa 240.

Ditko aliacha kazi za makampuni makubwa mwaka 1998. Miaka 10 baadaye, akiwa na umri wa miaka 80, alianza mfululizo wa vitabu vya katuni vya kurasa 32, rangi nyeusi na nyeupe, vyenye visa vipya. Ditko, etc... kilitoka mwaka 2008, Oh, No! Not Again, Ditko kikatoka mwaka 2009, na A Ditko Act Two mwaka 2010. Hadi kifo chake mwaka 2018 vilikuwa vimetoka zaidi ya vitabu 20 vya aina hiyo. Katika miaka ya 2010 Snyder alitumia pia Kickstarter, mtandao unaowawezesha wasomaji kuchangia gharama kabla ya kitabu kuchapwa. Jambo hili lina maana kubwa kwa hoja ya makala haya. Mnunuzi wa kibandani huvutiwa na jalada akiwa njiani. Mnunuzi anayelipa kabla ya kitabu kuwapo anamjua mtunzi, na amekwisha kuamua.

Umbo la Katuni za Uzeeni

Visa vya miaka ya 2008 hadi 2018 ni vifupi, aghalabu vya kurasa chache. Wahusika wake ni pamoja na The Hero, Miss Eerie, The Cape na The Madman. Majina mengi ni majina ya hali kuliko ya watu. Uhalifu wenyewe ni wa kawaida kabisa: wizi, hongo, utekaji, usaliti ndani ya genge. Mandhari imepunguzwa hadi kubaki mistari michache ya ukuta, mlango au barabara. Nyuso ni chache na mikono ni mingi, na mikono ya Ditko, iliyosifiwa tangu ujana wake, bado inasema kile ambacho maneno hayasemi. Mara nyingi tukio lenyewe halionyeshwi. Msomaji anaingia katikati ya mvutano, anaona mtu akisukumwa na tamaa au hofu, anaona uamuzi, kisha kisa kinakoma.

Mhakiki anayepima visa hivi kwa vigezo vya riwaya ya upelelezi atavikuta na upungufu kila upande. Hakuna fumbo la kufumbuliwa wala ushahidi wa kukusanywa kidogo kidogo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla humvuta msomaji kwa akili inayofumbua. Willy Gamba wa Elvis Musiba humvuta kwa hatari na mwendo. Mhusika wa Ditko wa uzeeni hafumbui wala hakimbii. Anatambua. Swali la hadithi si nani aliyetenda, wala si kama atakamatwa, bali ni wakati gani hasa mtu alipogeuka kuwa mhalifu. Kwa Ditko wakati huo ni wakati wa kuchagua, nao hauhitaji kurasa nyingi. Ufupi wa visa, uchache wa mandhari na majina ya jumla vyote vinafuata kutoka kwenye dhana hiyo ya uhalifu. Kama uhalifu ni chaguo la nafsi, basi mtaa ulipotendeka na historia ya familia ya mtenda havina umuhimu. Kuvichora kwa undani kungekuwa kumtafutia udhuru.

Hapa ndipo nadharia ya kudhoofika inaposhindwa kutosheleza. Ni kweli kwamba mstari wa mzee wa miaka 85 haukuwa na wepesi wa mstari wa mwaka 1965. Lakini kilichoachwa nje ya visanduku hakikuachwa kwa sababu mkono ulichoka. Kiliachwa kwa uamuzi uleule ulioonekana katika kadi ya Mr. A mwaka 1967. Kwa upande wake, mhakiki Zack Kruse, katika Mysterious Travelers (2021), amesisitiza haja ya kuisoma kazi ya Ditko kama fikra moja inayoendelea, badala ya kuikata vipande viwili, kimoja cha fahari na kingine cha aibu. Historia ya uchapishaji inaunga mkono usomaji huo, maana inaonyesha mahali fikra hiyo ilipopata nafasi ya kusemwa na mahali ilipozuiwa.

Gharama

Hata hivyo, kuthibitisha kwamba mtindo fulani ulikusudiwa si kuthibitisha kwamba ulifaulu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hiyo kwa kawaida husemwa kumlaumu anayejipendelea, lakini ina upande wa kiufundi pia: ngozi ikivutwa upande mmoja tu, sauti hupotea. Katika Marvel, Ditko alivutana na Lee. Mmoja alitaka ucheshi na huruma, mwingine alitaka wajibu na hukumu. Na Peter Parker aliishi katika mvutano huo. Mr. A hakuvutwa na mtu wa upande wa pili. Ndani ya visa vyake watetezi wa huruma wapo, lakini ni wahusika bapa, walioundwa ili washindwe. Miss Kinder hasemi jambo hata moja litakalomfanya msomaji amtilie shaka Mr. A.

Matokeo yake ni kupungua kwa taharuki. Katuni ya uhalifu ya miaka ya 1940 ilikuwa na unafiki wake, lakini ilimlazimisha msomaji ajitambue: alimfurahia mhalifu huku akijua hapaswi. Katuni ya Ditko ya uzeeni haina unafiki huo, na pia haina mtihani huo. Msomaji anaalikwa kukubali. Na kwa kuwa wasomaji wenyewe walikuwa wachache waliokwisha kuamua kumuunga mkono, kulikosekana mtu mwenye mamlaka ya kumrudishia mtunzi ukurasa na kumwambia kwamba hoja haijaeleweka. Mhariri wa kampuni hutaka kuuza, na tamaa hiyo huharibu mengi. Lakini ndiyo pia humkumbusha mtunzi kwamba yuko msomaji asiyemjua.

Mfano wa kinyume unapatikana kwa Alan Moore. Mwaka 1986 na 1987, katika Watchmen aliyoitunga na mchoraji Dave Gibbons, Moore alimuumba Rorschach kutokana na The Question na Mr. A. Rorschach anashikilia nyeusi na nyeupe vilevile, lakini anawekwa kati ya wahusika wenye hoja nzito dhidi yake, na anapewa historia inayoumiza. Mamilioni walimsoma na wengi walimpenda. Kwa njia hiyo wazo la Ditko liliwafikia watu wengi zaidi likiwa mikononi mwa mpinzani wake wa kiitikadi, ndani ya kitabu cha kampuni kubwa, kuliko lilipokuwa mikononi mwake.

Kwa upande mwingine, mizani ya haki ina uzito wake. Mwaka 2021 msimamizi wa mirathi ya Ditko aliwasilisha notisi za kutaka kurejeshewa haki za Spider-Man na Doctor Strange. Marvel ilikwenda mahakamani, na shauri hilo likamalizwa kwa maafikiano mwaka 2023. Kuhusu Mr. A hakukuwa na haja ya notisi wala shauri. Kazi iliyosomwa na wachache ilikuwa yake tangu siku ya kwanza, na hakuna mwajiri aliyepata kuigeuza mwelekeo, kumpa mhusika mtunzi mwingine, au kumtia huruma ambayo muumba wake hakuitaka.

Hitimisho

Mfano wa Ditko unaonyesha kwamba kujichapishia hakukuwa hatua ya mwisho ya kazi yake iliyofuata baada ya milango mingine kufungwa. Kulikuwa sharti la aina ya hadithi ya uhalifu aliyotaka kuitunga, ambayo isingeweza kupita chini ya Comics Code wala chini ya mhariri anayetafuta wasomaji wengi. Kanuni hiyo ilififia na hatimaye kuachwa kabisa mwaka 2011, na Ditko aliendelea kuchapisha vilevile kama alivyokuwa akifanya kabla ya hapo. Kilichokuwa kimebaki kumzuilia nafasi kwingineko hakikuwa kanuni tena, bali matarajio ya soko, na hayo hakuwa tayari kuyatimiza akiwa na miaka 40 wala 85.

Kwa mtafiti wa fasihi pendwa ya Kiswahili, yapo maswali yanayoweza kuchukuliwa kutoka hapa na kupelekwa kwenye matini za nyumbani. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi alipokuwa mwenye kampuni, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumkatalia sura? Je, maofisa wala rushwa husawiriwa kwa ukali zaidi katika kazi zilizotolewa na kampuni ya mwandishi kuliko katika zile zilizopitia mashirika ya umma? Na pale ambapo mwandishi mmoja alichapishwa kwa njia zote mbili, je, tofauti ya aina ile iliyopo kati ya The Question na Mr. A inaonekana? Majibu yake yamo katika nakala za matoleo ya kwanza, katika kurasa zile za mwanzo zinazotaja mchapishaji na mwaka, ambazo wahakiki wengi huzifunua upesi ili wafike kwenye sura ya kwanza.